Unataka Kuwa Dere wa Trela? Cheki Vitu Ambavyo Hawakuonyeshi TikTok

Zile video unazijua. Msee amekalia kiti cha juu, mkono mmoja kwa usukani, rhumba inagonga, jua linazama pale Tsavo na barabara imenyooka mpaka macho yanachoka. Huko chini kwa maoni wasee wanalia: "Buda nitafutie hiyo kazi," "Hata kama ni taniboi niko tayari." Nawe uko hapo kejani, bando linakaribia kuisha, na unaanza kupiga hesabu kichwani. Mbona nisiingie hiyo rieng?

Video si uongo. Hilo jua liko, hiyo barabara iko, na kuna madere wamejenga kwao na kusomesha watoto hadi campo kwa kazi hii hii. Lakini video ni dakika moja ya safari inaweza kula wiki mbili. Dakika zingine hakuna mtu huzirekodi, juu nani ataangalia msee amekaa chini ya trela akingoja karatasi?

Na hapo ndio mambo yote yako. Dere wa trela mara nyingi hulipwa kwa safari, lakini siku zake nyingi huishia kungoja. Karibu kila kitu huharibia madere wapya, iwe ni ajali, kuuza mafuta ama madeni, huanza pale wanajaribu kurudisha muda na pesa zilizopotelea kwa foleni. Shika hiyo, tutairudia.

Leseni si tikiti

Tuanze na kitu wasee wengi hukosea. Kutoka driving school na leseni ya gari ndogo hakukupeleki kwa trela. NTSA wamepanga leseni kwa madaraja: B ni ya gari ndogo, C inaanza na malori, na trela yenyewe inataka CE. Kila ukipanda daraja umri wa chini unaongezeka, na lazima uwe umekaa na daraja la chini kwa miaka. Kwa hivyo kama uko na miaka 20 na mtu anakuambia atakutolea leseni ya trela mwezi ujao, huyo anakuuzia kesi.

Hata ukiwa na leseni, makampuni mengi yatakuuliza umeendesha trela miaka mingapi. Utasema sifuri. Watasema rudi ukiwa na uzoefu. Utauliza uzoefu nitautoa wapi kama hakuna mtu ananipea gari. Hilo swali kila dere amewahi kuuliza, na jibu lake bado ni lile la zamani: unaanzia chini. Wengine huanza na kanta za mboga kutoka Kinangop, wengine na tipa za mchanga kutoka Machakos, wengi wanaingia kama taniboi.

Taniboi sio msee wa kupiga story na dere asilale. Ndiye hushuka kuweka jiwe kwa tairi gari likisimama kwa mlima. Ndiye hufunga turubai usiku mvua ikinyesha, hugonga tairi moja moja kusikia kama iko na upepo, na hulala na mzigo dere akienda kuoga. Trela ya axle saba iko na tairi zaidi ya ishirini, na siku moja utazijua zote kama majirani zako. Kazi ni chafu, doh ni kidogo, lakini ndio shule. Mwaka mmoja wa kuangalia dere mzee akishuka Mazeras na mzigo utakufunza vitu ambavyo darasani hawawezi.

Kitu kingine hapo hapo: hakuna kampuni ya ukweli inakutumia ujumbe ati "umechaguliwa, tuma ngiri mbili na nusu ya medical na uniform." Ukituma hiyo pesa umeliwa.

Doh inakaa aje kwa ukweli

Sasa tuongee ganji, juu najua ndio ulikuja kusoma. Kwa makampuni mengi pesa ya dere iko sehemu mbili. Kuna mshahara, halafu kuna mileji, yaani ile pesa unapewa kwa kila safari.

Mshahara uko na sheria yake. Agizo la mishahara la 2022 liliweka kima cha chini cha dere wa gari kubwa la biashara kwa miji kama Nairobi na Mombasa kuwa zaidi kidogo ya shilingi 34,000 kwa mwezi, kabla ya pesa ya nyumba. Mwishoni mwa 2024 serikali ikaongeza asilimia 6. Hiyo ndio sheria. Kwa ground utapata mdosi mwenye anakupea nusu ya hiyo na kukuambia "utajisort na mileji." Wengine hawana mshahara kabisa, ni safari tu. Kwa hivyo kabla uguse funguo, uliza: mshahara ni ngapi, mileji ni ngapi kwa njia ipi, na inalipwa lini, mwanzo wa safari ama ukirudi?

Mileji ndio inachanganya wasee. Ukiishika mkononi inakaa ni pesa mob. Lakini hiyo ndio unakula nayo, unaoga nayo, unalipa parking nayo, unamtoa taniboi nayo, na mara kwa mara kuna mkono unanyooshwa dirishani bila risiti. Yenye inabaki ndio yako. Sasa piga hesabu: safari ikichukua siku nne, umebaki na kitu. Safari hiyo hiyo ikichukua siku kumi na mbili, mileji ni ile ile, lakini umekula siku nane zaidi. Madere wazee hubeba jiko la gesi, sufuria, unga na sukuma kavu ndani ya kabini. Ukiwaona wanapika ugali chini ya trela usifikirie ni ufukara. Huyo anatengeneza mshahara wake.

Halafu kuna kukatwa. Mzigo ukipungua unakatwa, tairi ikipasuka unaweza kuambiwa ni yako, mafuta yakikosa unakatwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na mdosi hawezi tu kukukata kwa kila kitu kinaharibika. Uharibifu lazima uwe umetokana na wewe kufanya makusudi. Madere wengi hawajui hii. Piga picha ya mzigo, ya sili na ya tairi kabla utoke yadi, kila safari, hata kama taniboi anakucheka.

Kungoja

Chukua safari ya kawaida: kontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba. Ni zaidi ya kilomita 900. Kwa ramani inakaa siku mbili.

Kwanza unangoja kupewa mzigo. Unaweza kukaa Miritini ama Jomvu siku tatu simu haijaita. Ukiitwa, unaingia foleni ya bandari. Ukitoka, kuna mizani ya Mariakani. Ukivuka Ukambani, kuna mizani ya Athi River. Halafu Gilgil. Halafu Webuye. Kwa kanuni za Afrika Mashariki trela ya axle saba haifai kuzidi tani 56 jumla, na hata jumla ikiwa sawa, axle moja ikizidi unaweza kuwekwa kando upange mzigo upya. Mwenye alipakia hayuko hapo. Ni wewe uko hapo.

Kama mzigo unavuka mpaka, kontena linafungwa sili ya elektroniki ya KRA. Ukitoka njia iliyopangwa ama ukikaa sana mahali si pa kusimama, king'ora kinalia kwa skrini ya mtu na gari la doria linakuja kukucheki. Kwa hivyo ile ndoto ya kupitia kwa manzi yako Machakos na kontena la transit, isahau leo.

Malaba yenyewe iko na siku zake. Tangu mambo ya forodha ya Afrika Mashariki yaunganishwe kutoka 2014, karatasi nyingi hutengenezwa mapema na kuvuka kumekuwa rahisi kuliko zamani. Lakini mtambo ukilala, ama karatasi moja ikikosa upande wa Uganda, foleni inarudi nyuma hadi uanze kujua majina ya watoto wa mama wa chai. Madere waliokuwa barabarani 2020 wakati wa korona watakuambia venye malori yalijipanga kilomita na kilomita, msee anangoja majibu ya kipimo kwa siku kadhaa, halafu ukifika mtaani watu wanakukimbia kama wewe ndio ugonjwa.

Na usisahau treni. Mizigo ya SGR ilianza kubebwa 2018. Mwaka uliofuata serikali ikataka mizigo yote iende kwa reli, Mombasa ikawaka maandamano, na Septemba 2022 Rais Ruto akirudisha shughuli za bandari Mombasa baada tu ya kuapishwa. Kwako wewe dere mpya maana yake ni moja: safari zako zinaweza kuongezeka ama kukatika kwa sababu ya tangazo moja la Nairobi, na hakuna mtu atakupigia kukuuliza maoni.

Masaa nane

Sasa hapa ndio pa kusoma polepole.

Sheria ya Trafiki inasema dere wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya masaa nane kwa siku, yaani ndani ya masaa 24. Lori lako limefungwa kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Ukigawanya kwa karatasi ni masaa sita, safi kabisa. Lakini trela iliyobeba haiendi 80 mwanzo hadi mwisho. Kuna mlima wa Mazeras, kuna mizani, kuna jam ya Mlolongo, kuna lori mbele yako linapumua kama mzee. Kwa wastani wa 50 kwa saa, masaa nane yanakupeleka kilomita 400. Umefika Sultan Hamud ama karibu na hapo, na sheria inasema uzime injini ulale.

Saa hiyo ndio simu ya mdosi inalia. "Uko wapi? Mteja anangoja. Wenzako wamefika." Nawe umekaa Miritini siku tatu bila doh, mileji inaisha, na unajua ukifika usiku huu unaweza kupata mzigo wa kurudi kesho. Hakuna karao hapo wa kuhesabu masaa yako. Ni wewe na macho yako.

Wengi huenda. Wanatafuna miraa, wanakunywa vile vinywaji vya kopo, wanafungua dirisha upepo uwapige. Na mara nyingi wanafika, hiyo ndio mbaya, juu ukifika mara ishirini unaanza kuamini unaweza. Usingizi wa usukani haubishi hodi. Unafunga macho kidogo tu kwa kupepesa, na kwa kasi ya 80 sekunde tatu ni zaidi ya mita 60 bila dere.

Halafu kuna Salgaa. Ukitoka Nakuru kuelekea Eldoret barabara inapanda halafu inashuka marefu, Sobea, Salgaa, Sachangwan, Migaa. Mtu atakufunza kufrii, yaani kutoa gia na kuacha trela ijishukie yenyewe. Atakuambia unaokoa dizeli. Ni kweli unaokoa dizeli, na kuna mtu na mtungi kando ya barabara wa kuinunua. Lakini ukitoa gia injini haishikilii tena gari. Tani 56 zote zinabebwa na breki peke yake, breki zinachemka, na breki ikishachemka sana unaikanyaga na haishiki. Hapo huna gia, huna breki, na mbele yako kuna matatu imesimama kuchukua abiria.

Hiyo laini imekula watu wengi. Mwisho wa 2017 basi na lori ziligongana Migaa, watu zaidi ya 30 wakafa usiku mmoja. Mwezi Juni 2023 lori liliingia kwa stejini pale Londiani na likaua zaidi ya watu 50, wengine wao walikuwa wanauza mboga tu. Na Januari 2009 Sachangwan, lori la mafuta lilianguka, wananchi wakaja na madebe kuchota, moto ukawaka, zaidi ya 100 wakafa. Ukibeba mafuta na gari lianguke, usibaki hapo kuokoa simu ama sanduku lako. Ondoka na uwaondoe watu.

Kanuni ya madere wazee ni rahisi: gia iliyokupandisha ndio ikushushe. Utachelewa. Taniboi wa lori lingine atakupungia mkono akikupita. Mwache aende.

Na hii ya kuuza mafuta, tuongee kama watu wazima. Kampuni inakupimia lita za safari. Mlolongo, Emali, Salgaa, utapata wasee wako tayari na mpira wa kunyonya, na wanakuita kwa jina siku ya pili. Ukiwa umekaa siku kumi kwa foleni na mathee amepiga simu ya school fees, lita arobaini zinakaa ni kitu kidogo. Lakini siku hizi tangi nyingi ziko na sensa, mdosi anaona kwa simu yake mafuta yakishuka kama gari limesimama. Utafutwa, na madosi wanapigiana simu. Nimeona watu wakipoteza kazi ya miaka kwa mtungi mmoja. Sisemi kila mwenye anauza ni mwizi wa kuzaliwa. Mwenye analipa mileji ya siku nne kwa safari ya siku kumi na mbili pia anajua anachofanya. Lakini ni jina lako litakuwa kwa karatasi ya polisi.

Ukivuka

Wasee wanapenda kuskia "ng'ambo." Kigali, Juba, Goma. Mileji ya huko ni nono, na kuna sababu. Rwanda, Sudan Kusini na Congo wanaendesha upande wa kulia, na usukani wako bado uko upande wa Kenya, kwa hivyo kupita gari lingine ni kubahatisha kama taniboi wako hayuko macho. Goma Kiswahili chako kitakuokoa. Juba watu wanaongea Kiarabu chao na kizungu kidogo.

Ile barabara ya Nimule hadi Juba iko na lami lakini iko na historia ya madere kuvamiwa, na mara kadhaa Wakenya wamepaki malori Elegu wakakataa kuvuka hadi wahakikishiwe usalama. Kama wewe ni mpya, una haki ya kuuliza kabla usaini: mnaenda Juba? Tunatembea kwa msafara? Nikiumia huko nani ananilipa, na familia inalipwa nini nisiporudi? Mdosi akikasirika kwa hilo swali, ameshakujibu. Beba pasipoti, kadi ya manjano ya chanjo, na nambari ya mtu wa chama. Kuna chama cha madere wa masafa marefu, na kinasaidia zaidi ukiwa umejiunga kabla mambo yaharibike.

Kejani

Utakosa birthday. Utakosa mazishi ya mtu ulimpenda kwa sababu uko Malaba na sili kwa kontena. Manzi yako atachoka kuuliza "unarudi lini" juu jibu ni "sijui" kila saa. Mgongo utauma, tumbo litaota, na msee wa miaka 35 ataanza kuambiwa kuhusu presha. Barabarani kuna upweke, na upweke uko na wateja wake usiku pale Mlolongo na Salgaa. Beba mipira, na ujue kuna zile kliniki za makontena ya bluu za North Star Alliance sehemu kama Mlolongo, Maai Mahiu na Salgaa. Zinahudumia madere hadi usiku na hakuna mtu anakuuliza maswali ya kanisa.

Madem pia wako kwa hii kazi siku hizi na wanaiweza kabisa. Shida yao kubwa si gari. Ni choo na mahali pa kuoga, juu vituo vingi vilijengwa kama ambavyo wanaume tu ndio husafiri.

Kwa hivyo uende ama usiende? Kama unataka doh ya haraka, boda yako inakulipa kila jioni, usiiuze. Kama unaweza kukaa miaka miwili ukiwa taniboi ama dere wa kanta, ukiweka kando kidogo kwa sacco, bila kukimbizana na mtu yeyote mteremkoni, hii kazi inaweza kukulisha hadi uzee. Usihesabu mileji kama mshahara mwaka wa kwanza. Hesabu ule mwezi ulipata safari moja, upange maisha kwa huo.

Kesho asubuhi pitia Mlolongo, ama kama uko Coast pitia Miritini, saa ya chai. Utapata madere wamekaa kando ya malori. Nunulia mmoja chai na mandazi. Usimuulize analipwa ngapi, atakudanganya. Muulize safari yake ya mwisho ilichukua siku ngapi, na kati ya hizo, ngapi gari lilikuwa linatembea.